Herufi Zilizoliwa na Kokoto

Zaina mwanangu,

Barua za watu wengine huanza kwa kuuliza hali. Yako naijua, maana nakusikia kupitia ukuta. Unacheka na mama yako juu ya begi lisilotaka kufungika, na kila mkicheka mimi nashtuka kana kwamba kuna kitu kimeanguka. Kesho alfajiri basi linaondoka. Tangu nimalize sala ya alasiri nimekaa hapa nyuma ya gereji, juu ya kiti cha gari ambacho mwenyewe hajarudi kukichukua, najaribu kuandika kabla mwanga haujaniacha. Mkono wangu umezoea pistole ya kupulizia rangi, kalamu inauchosha. Utanivumilia mwandiko.

Mambo ya chakula, ya kupiga simu ukifika mpakani Kobero, ya kutomwachia mtu begi hata akijifanya ni ndugu, mama yako ameyasema na atayasema tena. Sitayagusa. Nataka tuongee juu ya zile herufi zako. Ndizo zinazokupeleka Dar es Salaam, na ndizo zinazonifanya niamke kabla ya adhana na kukaa kitandani kama mtu anayesubiri habari.

Unanijua nilivyo. Hapa mtaani kwetu Buyenzi hata wanaonipenda wananicheka, kwamba Baba Zaina anaweza kulizunguka gari alilokwisha kulipaka hadi mwenyewe aanze kujiuliza kama kweli ni lake. Kwa hiyo unakumbuka siku ile uliporudi kutoka kazini, kwenye duka la kuchapa, ukasimama mlangoni na kusema, "Baba, nimetengeneza polisi yangu." Niliweka chini nilichokuwa nacho nikakuuliza polisi wamekufanya nini. Ulicheka hadi ukakaa chini. Ndipo ukanieleza kwamba kwenye kuchapa, herufi zote za mtindo mmoja, kuanzia A hadi Z, mnaziita polisi, kama Wafaransa wanavyosema, na kwamba wengine husema fonti. Nilijifanya nimetulia. Jasho lilikuwa limeshanitoka.

Ukanionyesha kwenye simu. Zilikuwa herufi nene, nzito, nyeusi, zimejaa mahali pake kama watu wa mwili mkubwa kwenye benchi. Lakini pembeni zilikuwa zimeliwa, na ndani zilikuwa na nyufa na vitundu, kama rangi ya zamani inayobanduka. Nilizitambua. Zilitoka nyuma ya lile lori linalobeba kokoto kutoka mto Rusizi, ambalo mimi mwenyewe nililiandika jina ulipokuwa bado unasoma shule ya msingi. Kila lilipopakua, mawe yalizigonga herufi zangu, mwaka baada ya mwaka. Wewe ulizipiga picha, ukazichora upya kwenye kompyuta moja moja, na zile ambazo hazikuwemo kwenye jina la lori ukazitunga mwenyewe. Ukaiita Kokoto.

Najua ulitaka nifurahi. Mimi niliona aibu. Maisha yangu yote kazi yangu ni kuondoa mikwaruzo. Gari linakuja limekunwa, limebonyea, linaondoka kama halikuwahi kukutana na ukuta. Na mwanangu mwenyewe anachukua kazi yangu iliyochakaa anawaonyesha watu. Nikakuambia umwite mwenye lori nizipige herufi rangi upya, halafu uchore zile safi.

"Apana, baba," ulisema, ukiigusa herufi moja kwenye simu. "Hii letere imetembea. Mutu akiiona anaiamini."

Sikuelewa. Nilidhani ni mambo ya vijana na yatapita.

Hayakupita. Uliandika tangazo la jioni ya muziki kule Mutanga Sud, na wanafunzi wa chuo wakawa wanayabandua matangazo ukutani wakayapachike vyumbani mwao. Timu ya mpira ya Ngagara ikataka jina lake kifuani kwa Kokoto. Akaja muuza maji ya matunda ya maracuja, akaja kinyozi, akaja kijana mmoja anayekaanga kahawa na kuifunga kwenye mifuko midogo ya kaki, na kweli kwenye ile kaki herufi zako zilipendeza hata mimi nikaona. Yule fundi cherehani mzee wa mtaa wa nyuma peke yake ndiye aliyerudisha kibao chake. Alisema amelipia jina zima, amepewa lililovunjika. Ulimwandikia lingine bila kinyongo, na nilikupenda sana siku ile.

Ulikuwa unanifundisha jioni, mimi nikinawa mikono na petroli. Ulisema herufi za namna hii ni za maneno machache na makubwa, ya kuonekana toka ng'ambo ya barabara. Ukiziandika ndogo, nyufa zinajaa na neno linakuwa doa. Ukiandika nazo ukurasa mzima, msomaji anachoka kabla hajafika katikati. Ulisema ni letere ya kuita watu, haifai kuwaeleza jambo. Ulijua haya yote, Zaina. Ndiyo maana kilichotokea Kinama kinanirudia hadi leo. Hatukukosea kwa kutojua.

Ulikuwa ule msimu mvua ilipoingiza maji majumbani Kinama, na shangazi yako Mwamini akahamia kwa jirani na vyombo vyake kichwani. Mabomba yalichafuka. Mkuu wa mtaa akapata tangi kubwa jeusi, likawa linajazwa maji ya ziwa kwa ajili ya kufulia na kusafisha matope. Maji ya kunywa yalikuja na gari jingine. Shangazi yako ndiye aliyesema kwamba ana mtoto wa kaka yake anayeandika vizuri kuliko mtu yeyote mjini. Ukakubali kwa furaha, bila kutaka malipo. Ukakata herufi kwenye karatasi ngumu, mimi nikaja na kompresa na rangi nyeupe, na tukaliandika tangi pale pale. Upande mmoja Kirundi, upande wa pili Kiswahili: MUSINYWE MAJI HAYA.

Nilipuliza rangi mimi. Nilipoiondoa karatasi, S na I zilikuwa hafifu. Kwenye Kokoto yako hizo mbili ndizo ulizozitafuna zaidi, na hapo pia tangi lilikuwa na tuta, rangi haikushika vizuri. Nilikuuliza kama zitaonekana. Ulikuwa umeshika simu unatafuta pa kusimama upige picha. Ukasema mtu anasoma neno zima, hasomi herufi moja moja, na kwamba ndivyo zilivyo nzuri. Nikaitikia. Mimi ninayezunguka gari hadi watu wanacheka, siku hiyo sikuzunguka. Ulikuwa na uso wa furaha kiasi kwamba niliogopa kuuharibu.

Halafu waliokuwa wakilisimamia tangi wakaligeuza, ule upande wa Kirundi ukatazama ukuta. Watu wakawa wanaegemeza ndoo upande wa barabara, mvua ikanyesha, ndoo zikasugua.

Shangazi yako alipopiga simu hakusema mengi. Alisema watoto wa pale wanaumwa matumbo, na mmoja, Divine, binti wa jirani yake, amepelekwa hospitali hawezi kusimama. Akasema tuje tuangalie tangi. Njiani nilikuwa nakuangalia kwa pembe ya jicho, na mikono yako ilikuwa inasugua magoti kama mtu anayesikia baridi.

Tulisimama mbele ya lile tangi, sote wawili. Sikuhitaji kuelezwa. S na I hazikuwepo. Palikuwa na MU, kisha weusi kidogo, kisha NYWE. Mtoto aliyejifunza kusoma mwaka huo angesoma MUNYWE, na asiyejua Kiswahili hata kidogo angesoma vivyo hivyo, kwa sababu kwa Kirundi pia MUNYWE ni kuambiwa unywe. Na neno lilikuwa zuri. Hilo ndilo lililonitisha. Lilikuwa kubwa na zito, lilionekana toka mbali, lilikuwa linaita.

Ulichukua msasa kwenye gari ukaanza kulisugua. Hukungoja kuambiwa. Nilikusaidia, tukaliondoa lote, ukaandika upya kwa mkono, herufi za kawaida zisizo na kitu ndani yake, Kirundi na Kiswahili upande mmoja, palipo laini, juu ya lile tuta. Tulikuwa hatujamaliza alipokuja Mama Divine. Alikuwa ametoka hospitali kuchukua nguo. Nilidhani atatupigia kelele, na nilikuwa nimeshajiandaa kusimama mbele yako. Hakupiga kelele. Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akatazama unavyoandika, akasema kwa sauti ya chini, kama anayeongea na tangi:

"Mi nilimusomea mwenyewe. Aliniuliza, mama, haya tunaweza kunywa? Nikamusomea kwa sauti. Munywe."

Nilitaka kusema jambo. Nilitaka kusema ni rangi, ni mvua, ni wale waliogeuza tangi. Yote yalikuwa kweli. Wewe uliweka brashi chini ukapiga magoti kwenye yale matope, ukamwambia, "Mama, ni mi niliandika. We hukusoma vibaya." Ulirudia hayo ya mwisho mpaka akakutazama.

Sijawahi kukuambia nilivyojisikia pale. Nilikuwa baba mtu mzima, mimi niliyepuliza rangi, na nilikuwa bado natafuta la kujitetea wakati wewe umeshamaliza kusema ukweli.

Divine alipona, alhamdulillahi. Walimwekea serumu, ile dripu ya maji, na baada ya siku kadhaa akaanza kudai chapati. Wale wengine walikuwa wamekwisha kurudi kucheza. Lakini wewe hukupona nao. Ulirudi dukani, na kila kilichopita mikononi mwako kikawa cha herufi nyembamba za kawaida, kama za hati ya shule. Kinyozi alitaka kibao cha pili, ukampa kitu kinachofanana na tangazo la zahanati. Vijana wa Mutanga Sud walikuja hadi nyumbani kukubembeleza, ukawaambia ile polisi umeifuta. Haikuwa kweli, nilijua. Lakini hukuifungua.

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize, kwa sababu hapa nilikosa mimi, na nilikosa polepole, bila mtu kuona. Mwanangu, nilifurahi. Kwa mara ya kwanza tangu uanze kazi hiyo nililala vizuri. Ulikuwa unarudi mapema, unaandika vitu ambavyo hakuna atakayevisema vibaya wala vizuri, una hofu, na hofu yako ilifanana na yangu, nikaona sasa tumeelewana. Mama yako alinilaumu. Alisema Zaina amekuwa kama nyumba ambayo madirisha yamepigwa misumari. Nilimjibu kwamba amekua tu.

Nilipaswa kujua zaidi kuliko yeye. Nilipokuwa kijana, kabla hujazaliwa, nilipaka gari la mtu mwenye haraka juu ya kutu. Nilijaza mashimo kwa mastiki, nikalainisha, likang'aa, akaondoka ananishukuru. Msimu wa mvua ulipofika mlango ukafura na kupasuka, naye akalileta mbele ya mafundi wote akaubonyeza kwa kidole, kidole kikapita. Nilijifunza, ndiyo. Lakini nilijifunza kupita kiasi. Tangu siku hiyo nikawa nakwangua kila gari hadi bati tupu, hata lililohitaji kupanguswa tu. Rafiki yangu tuliyeanza naye gereji alinivumilia, kisha akaenda kufungua yake. Alisema kufanya kazi na mimi ni kama kufanya kazi na mtu anayezima moto ambao haujawaka. Tuliachana hivyo, na bado tukikutana msikitini tunasalimiana kama watu wawili waliosahau kila mmoja kitu nyumbani kwa mwenzake. Nilijua basi hofu inakula nini kwa mtu. Na nilipoiona inakula kwako, nikaiandalia sahani.

Aliyekutoa humo si mimi. Ni Mama Divine.

Alikuja hapa gereji mchana, amemshika Divine mkono, akasema amepata mahali pa kuuzia sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga, pale kwenye kona yao, na anataka jina. Nikakuita. Ukamwonyesha zile herufi nyembamba. Akazitazama kwa adabu, kisha akasema anataka zile nyingine, za kuliwa-liwa. Ulikataa. Ulimwambia yeye kuliko mtu yeyote hapaswi kuzitaka. Nami nikatikisa kichwa kukuunga mkono, na Mungu ananiona, nilikuwa natumaini ataondoka.

"Sambaza si dawa," alisema. "Mutu akikosea kusoma jina yangu, atakula tu. Mi nataka wanione toka barabarani."

Sijui ni kwa nini hilo lilikuingia wakati mengine yote yalishindwa. Labda kwa sababu lilitoka kwake. Ulimtazama Divine akicheza na kipande cha msasa, halafu ukamwomba arudi baada ya siku mbili.

Nilikuona ukiifungua Kokoto tena. Uliandika jina lake kubwa, likajaza ubao wote, limekwaruzwa vizuri kama lile lori. Chini yake, saa za kufungua na bei, ukaandika kwa zile herufi nyembamba safi. Halafu ukafanya kitu ambacho sikuwahi kukuona ukifanya. Ulichukua lile jina ukawa unaziba herufi moja moja kwa kidole, unasoma kinachobaki, kuona kama linageuka kuwa kitu kibaya. Ukautoa ubao nje, ukauegemeza kwenye ukuta, ukawa unamsimamisha kila anayepita, hata mama mwenye mtoto mgongoni, unamwomba asome bila kusogea karibu. Wengine walidhani ni mchezo. Ulipoona wote wamesoma neno moja, ndipo ukampigia Mama Divine.

Na tangu hapo ndivyo ufanyavyo. Ulipoletewa kazi ya ukumbi wa muziki, uliandika KARIBUNI kwa Kokoto, lakini mlango wa dharura na alama ya umeme ukaviandika wazi, na ulipoambiwa haviendani ukasema visiendane. Nilikuwepo. Nilijifanya natafuta bisibisi.

Picha ya kile kibao cha sambaza ndiyo iliyowafikia watu wa Dar es Salaam. Sasa wanakutaka. Umeniambia huko wanachapa mabango yanayofunika ukuta wa ghorofa, mabasi mazima, fulana, mifuko ya unga, vibandiko vya chupa. Mimi nasikia "chupa" nawaza ni chupa ya nini, na nani ataisoma, na mtoto gani atauliza. Nawaza bosi mwenye haraka, asiyekujua, anayesema hii nzuri hivyo hivyo, tuma. Nawaza watakavyocheka Kiswahili chako, maana sisi huku tunakata na kuunga tunavyojua, na wewe ukichekwa unanyamaza, na ukinyamaza unaitikia mambo. Hilo umelichukua kwangu. Samahani kwa urithi huo.

Kama utaniruhusu neno moja, ni hili tu: mtu akikuuliza kama herufi itaonekana, hata kama ni mfagizi, hata kama umeshika simu na mwanga ni mzuri, igeukie kazi uitazame tena. Mimi niliuliza siku ile kwa sauti ndogo mno. Atakayekuuliza huko huenda naye ana sauti ndogo.

Na ukikosea tena, kwa sababu unafanya kazi ambayo watu wanaiona, usizifungie herufi zako. Usirudi kwenye herufi za hati ya shule kwa ajili ya kunipa mimi usingizi. Nitausikia huo uoga hata kwenye simu, na najijua, nitaufurahia, na haitakuwa haki.

Mwanga umeisha, sasa naandika kwa kubahatisha mistari. Mama yako anaita chakula. Nitaiweka hii kwenye mfuko wa nje wa begi, na juu ya bahasha nitaandika usiifungue kabla basi halijavuka mpaka, maana ukilia mbele yangu sitakuachia uende.

Kesho nitasimama pale kituoni na nitataka kukagua matairi, na dereva atanichukia. Utaniacha nikague. Hofu hii niachie mimi, ni kazi niliyoizoea na sina nyingine jioni. Wewe andika.

Ni mimi, baba yako.